Gari ya Kumchukulia Faki

Jumatatu, 4 Aprili 1960

Mvua tangu alfajiri. Nimefungua klachi ya lori, nimeifunga, imekataa, nimeifungua tena. Girisi mpaka viwikoni.

Adhuhuri alikuja Abdalla, muuguzi wa spitali, baskeli yake ina pancha. Nikiziba, akanambia kuna daktari wa mifupa anakuja kutoka Unguja mwisho wa Mei. Atakaa hapa Chake siku mbili tu.

"Mlete mdogo wako," alisema. "Lakini asitikiswe. Mgongo wake haujakaa sawa."

Nikamuuliza mtu anatokaje Kiuyu bila ya kutikiswa. Akaitazama baskeli yake. Toka nyumbani kwa mdogo wangu Faki mpaka kwenye lami ni maili sita za mawe, mawe makali ya pwani yaliyotoka juu ya ardhi kama meno. Gari ya spitali haipiti huko masika.

Faki amelala toka Disemba. Tawi la mkarafuu lilimvunjikia mkononi, akaanguka chali juu ya kisiki. Ana miaka ishirini na sita. Toka kiunoni kwenda chini hana habari na mwili wake.

Klachi bado.

Jumatano, 6 Aprili

Wazo. Sikulipata garejini, nimelipata nikinawa miguu.

Landrova haitikisi kwa ubaya wa moyo. Inatikisa kwa sababu springi zake ni pleti ngumu zilizopangwa moja juu ya nyengine, na pleti hizo zina kazi mbili: zinabeba gari, na zinaishikilia ekseli, chuma kinachobeba magurudumu, isitoroke. Ndiyo maana haziwezi kuwa laini. Zikilegea, ekseli itatembea inavyotaka. Lakini nikizigawa hizo kazi mbili? Springi ya koili, laini, ibebe gari peke yake. Na ekseli ishikiliwe na mikono ya chuma, inayopanda na kushuka bila ya kwenda mbele wala nyuma.

Nimeona kitu kama hicho chini ya gari ndogo za mjini. Chini ya landrova sijaona.

Ile landrova mbovu ya Bwana Gulam iko nyuma ya gereji, haijatembea mwaka mzima. Injini nzima. Yeye ndiye mwenye gereji na mwenye gari. Nitamuomba kesho.

Alhamisi, 7 Aprili

Nimemuomba. Aliacha kunywa chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Fundi Makame, unataka kuikata gari yangu."

"Nataka kuikata, Bwana."

"Kazi za watu zisisimame. Na msimu wa karafuu ukija, nataka gari inayobeba magunia."

Nikakubali. Kama angesema nimpe jicho ningekubali.

Jumapili, 10 Aprili

Kiuyu. Basi mpaka mwisho wa lami, baskeli juu ya paa, kisha maili sita. Pengine niliisukuma.

Faki amekonda. Ana kidonda chini ya mgongo, kikubwa kuliko mwezi uliopita. Mize, mkewe, anamgeuza kila baada ya muda kama anavyogeuza mkate, na yeye mwenyewe mwembamba kama fito. Nilimsaidia kumgeuza. Faki akatazama ukuta. 

Nimemwambia habari ya daktari. Akasema, "Haya, kaka." Kama mtu aliyeambiwa kesho kuna mvua.

Sasa niandike nisichomwambia mtu. Disemba ni mimi niliyemchukua. Nilipofika na landrova ya gereji walikuwa wamemlaza kwenye mkeka, wamemfunika kanga ya Mize. Nikamuuliza, "Vidole vya miguu vinatikisika?" Akasema, "Vinatikisika, kaka." Na kanga ilicheza. Niliiona. Tukampakia nyuma, nikaendesha. Niliendesha mbio. Kila jiwe alipiga kelele, na mimi nikazidi kukanyaga mafuta ili tufike upesi. Katikati ya njia akanyamaza. Nilishukuru kwamba amenyamaza.

Spitali Abdalla alimwambia atikise vidole. Havikutikisika. Mpaka leo.

Basi.

Alhamisi, 14 Aprili

Nimechora kwa chaki sakafuni, kipimo cha kweli. Mikono miwili ya chini, mmoja kila upande, inatoka kwenye chesisi, mifupa ya gari, kwenda kwenye ekseli ya nyuma. Hii itaizuia isiende mbele na nyuma. Springi za koili juu yake.

Salim dereva aliruka mchoro, akauliza ni ramani ya nyumba ya nani.

Urefu wa mikono unanisumbua. Mfupi, ekseli inapopanda inavutwa mbele. Mrefu, unagonga jiwe. Nimefuta na kuchora mara sita.

Jumanne, 19 Aprili

Springi zimepatikana. Gari ndogo iliyoungua pale Gombani. Mwenyewe kaniruhusu nichukue nitakacho. Za mbele zote mbili hazikushika moto. Nimezipanda kwa miguu na nikarukaruka juu yake mbele ya watu kama mwendawazimu. Laini.

Bushi za kutia kwenye maungio ya mikono nimekata kwenye tairi la lori. Mpira mgumu, lakini unasogea kidogo. Chuma kwa chuma kingepiga kelele na kulika.

Mara ya kwanza wiki hii nimekula nikashiba.

Jumamosi, 23 Aprili

Aibu.

Nilitoa springi za pleti, nikafunga koili, nikafunga mikono miwili. Gari ilisimama vizuri, juu kidogo. Nikaitoa barabarani. Yadi mia, laini kama godoro. Nikakanyaga breki. Ekseli nzima ikajizungusha kama mtu anayejigeuza usingizini, propela, chuma kinachoizungusha ekseli, ikainuka ikapiga sakafu ya gari chini ya kiti changu, nati zikakatika. Gari ikalalia upande mmoja katikati ya njia. Wauza ndizi walisimama kutazama.

Kumbe pleti zilikuwa na kazi tatu. Ya tatu sikuiona: zinaizuia ekseli isijizungushe.

Salim na wenzake wakanisaidia kuisukuma. Bwana Gulam alitoka, akatazama, akarudi ndani. Heri angesema kitu.

Jumapili, 24 Aprili

Mvua. Sikufanya kitu. Nilikaa.

Jumatano, 27 Aprili

Mikono minne. Miwili chini kama kwanza. Miwili juu, iliyolazwa mshazari, inakutana karibu juu ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, miguu yake imepanuka kwenye chesisi. Ya juu itakataza ekseli kujizungusha, na kwa vile imelala mshazari itakataza pia isiende ubavuni. Nimeijaribu kwa vijiti na uzi. Kijiti cha ekseli kinapanda, kinashuka, kinainama upande huu na upande ule, lakini hakitoroki.

Nimekaa nacho muda mrefu. Kizuri. Sijapata kutengeneza kitu kizuri hivi, na nakitengeneza kwa sababu ya hili la Faki.

Jumatano, 4 Mei

Pujini, kwa Mzee Hamad mhunzi. Garejini sina chuma kinene cha masikio ya kushikia mikono. Yeye anacho, vipande vya reli ya zamani ya Unguja. Alipika, akapiga, akatoboa. Masikio manane. Kazi ya siku mbili kaifanya kwa siku moja.

Aliniuliza vya nini. Nikamwambia. Akaacha kuvuta mivukuto.

"Huyu aliyeanguka ndiye yule aliyekuwa akija kununua majembe akicheka cheka?"

"Ndiye."

Akaendelea kupiga. Nilipoondoka alisema mikono yake imefanya wajibu wake, iliyobaki ni ya Mungu. Sikupenda kusikia hivyo. Sitaki iwe ya Mungu. Nataka iwe ya nati na bolti.

Astaghfirullah.

Jumatatu, 9 Mei

Mikono minne imekaa. Nimelehemu siku tatu. Macho yananiuma.

Jaribio: beseni la maji nyuma ya gari, limejaa mpaka kwenye mstari. Kwanza landrova nyengine ya gereji, yenye pleti, njia ya mawe ya huko bondeni, mwendo wa mtu anayetembea. Beseni lilirudi na vidole viwili vya maji. Kisha yangu. Njia ile ile. Nusu na zaidi imebaki.

Salim alilitazama beseni, akanitazama mimi. "Fundi, hii gari inaogelea."

Lakini nusu nyengine ilimwagika. Ninaiona ile nusu kuliko iliyobaki.

Ijumaa, 13 Mei

Baada ya sala nimelala mwenyewe nyuma, juu ya kitanda cha kamba kilichofungwa. Salim akaendesha. Nilifumba macho. Nilimwambia asinambie jiwe liko wapi.

Mawe madogo, hakuna kitu. Unasikia gari ikishuka na kupanda, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Mawe makubwa, unarushwa. Si juu. Unarushwa upande. Nyuma inajipeleka kidogo kulia kila gurudumu la kushoto linapopanda.

Kosa langu. Mkono wa juu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia kwa nusu inchi. Nilipima kwa macho mekundu.

Kitu kimoja zaidi. Ukilala huko nyuma huoni chochote ila paa la turubai. Hujui jiwe linakuja lini. Huwezi kujishika. Faki alilala hivyo maili sita na mie mbele nashika usukani.

Jumanne, 17 Mei

Mkono wa kushoto nimekata, nimerefusha, nimelehemu upya. Sasa nyuma inatulia. Beseni: robo tatu.

Abdalla kaleta habari. Daktari ataona wagonjwa Alhamisi, tarehe ishirini na sita. Jina la Faki limeandikwa.

Mvua hazikatiki. Njia ya Kiuyu inaliwa na maji, udongo unaondoka baina ya mawe, mawe yanabaki yamesimama. Kila siku nikingoja inazidi kuwa mbaya. Kila siku nikiharakisha nitakosea. Sina usingizi.

Jumamosi, 21 Mei

Nimekaza kila nati. Nimeikaza tena. Nimegonga kila mshono wa kulehemu kwa nyundo na kusikiliza. Yote inalia safi.

Sina la kufanya zaidi. Hili ndilo linalonitisha.

Jumatano, 25 Mei

Naandika spitali, kwenye benchi. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi mimi na Salim tulifika Kiuyu. Gari ilikwenda vizuri sana. Watu walitoka kuitazama inavyoinama. Tukamlaza Faki kwenye kitanda cha kamba, mito kila upande, Mize pembeni yake. Salim akashika usukani. Mimi sikuendesha. Nilitembea mbele ya gari, nikimwonyesha kwa mkono kila jiwe.

Maili ya kwanza. Nilirudi dirishani, nikamuuliza Faki.

"Vipi?"

"Mie nnalala, kaka. Nenda kaonyeshe mawe yako."

Alikuwa anatabasamu. Miezi mitano sijaona meno yake.

Maili ya pili. Ya tatu. Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilikuwa natembea kwenye mvua na nina furaha.

Kwenye mteremko kabla ya maili ya nne maji yalikuwa yamechimba upande wa kushoto. Gurudumu likashuka. Lilishuka polepole, mikono ilifanya kazi yake. Kisha nikasikia mlio. Si mkubwa. Kama tawi.

Sikio la mkono wa juu wa kushoto limeng'oka. Mshono wangu haukuachia, mshono mzima mpaka sasa. Kilichong'oka ni chesisi yenyewe, imetoka na sikio kama kipande cha mkate. Ndani kutu tupu. Nimegonga kila mshono, sikugonga chuma chenyewe mahali nilipokilehemu. Mwaka mzima gari ile ilikaa mvuani nyuma ya gereji na mimi napita karibu yake kila siku.

Ekseli ikajigeuza. Gari ikalala. Faki hakuanguka, Mize alimkumbatia na kitanda kilikuwa kimefungwa. Lakini kilikaa upande, na yeye akalia. Alilia kama Disemba.

Nilikaa chini ya gari kwenye matope, nimeshika ule mkono. Salim akinambia kitu. Sikumsikia. Nilikuwa sina hata wazo moja. Jeki ninayo, kamba ninayo, spana zote ninazo, na hakuna hata moja iliyokuwa na maana.

Watu walikuja kutoka mashambani. Sikuwaita. Wengine nawajua kwa sura, wengi siwajui. Mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tufungue kitanda." Wakakifungua. Wanane wakakiinua mabegani na Faki juu yake, wakaanza kwenda. Wengine wakafuata nyuma kupokezana.

Nilipokea zamu yangu, mguu wa nyuma, kushoto. Mtu wa mbele akikanyaga jiwe, anapinda goti. Wa upande wa pili akishuka shimoni, anainua bega. Hakuna aliyeamrisha. Kitanda kilikwenda sawa. Nilimtazama Faki, amefumba macho, uso umetulia. Karibu maili mbili na nusu hivyo.

Ningeweza kuwaomba toka Aprili. Ningeweza kuwaomba Disemba. Haikunijia. Mie fundi wa gari, nikafikiria gari.

Kwenye lami walitupakia kwenye lori lililokuwa likirudi tupu. Tumefika kabla ya magharibi. Faki yuko wodini. Homa kidogo.

Alhamisi, 26 Mei

Daktari ni mzee, Mzungu, mpole. Alimpima Faki kwa muda mrefu. Alimchoma miguu kwa pini kuanzia vidole kwenda juu. Faki alikuwa akitazama dari na kusema, "Bado. Bado. Bado." Mpaka juu ya kitovu akasema, "Hapo."

Abdalla alitafsiri. Uti wa mgongo umekatika ndani. Hautaunga. Hakuna mahali pa kumpeleka, si Unguja wala kwengine. Kidonda kinaweza kupona kikitunzwa. Anaweza kufundishwa kukaa. Mikono yake mizima.

Mize aliuliza, "Kutembea?"

Abdalla hakuitafsiri. Alimtazama tu.

Nilimfuata daktari ukumbini. Nilimwomba Abdalla amuulize: uti ulikatika alipoanguka, au njiani, ndani ya gari? Abdalla hakutaka. Nikamshika mkono. Akamuuliza.

Daktari alivua miwani. Akasema hawezi kujua. Hakuna mtu atakayejua. Labda mara moja alipoanguka, labda baadaye. Akaniuliza kwa nini nauliza.

Nikasema nilitaka kujua tu.

Ijumaa, 27 Mei

Mize alitoka kwenda kufua. Nilibaki na Faki. Abdalla kamwambia nilichouliza. Siwezi kumlaumu.

"Kaka," Faki alisema, "vile vidole siku ile havikutikisika."

"Niliona kanga ikicheza."

"Upepo. Mize alikuwa akilia, wewe uso umekujaa jivu. N'kasema vinatikisika ili mnyamaze. Toka nilipogusa chini nilikuwa sina miguu. N'kwambie mara ngapi?"

"Hujaniambia hata mara moja."

"Basi nimekwambia."

Akageuza uso. Ana sauti ileile aliyokuwa nayo mtoto akinambia si yeye aliyevunja mtungi.

Ilikuwa Disemba, hapakuwa na upepo mkubwa. Au ulikuwapo. Nimejaribu kukumbuka miti ilikuwaje. Sikumbuki miti. Ama alinidanganya siku ile, ama amenidanganya leo, na mara zote mbili kwa ajili yangu. Sitamuuliza tena. Akisema neno lolote sitaliamini, na hilo ni baya kuliko kutojua.

Nilimpa maji. Akanywa.

Jumanne, 31 Mei

Gari imeburutwa mpaka gereji. Bwana Gulam alijiinamia, akaingiza kidole kwenye tundu la chesisi. Kidole kilipita mpaka upande wa pili.

"Ningeiona kabla," alisema, "ningekwambia."

Alisema naweza kutia kiraka na kurudisha pleti kabla ya msimu. Nikasema ndiyo. Nimefungua ile mikono minne. Nimeiweka juu ya rafu pamoja na mabomba.

Jumapili, 12 Juni

Nimekuja Kiuyu. Idi imepita, bado kuna watu na nguo mpya njiani. Mvua zimekatika.

Faki yuko nyumbani. Alirudi wiki iliyopita, lori mpaka mwisho wa lami, na kutoka hapo mabegani mwa watu. Mie nilibeba tokea mwanzo mpaka mwisho, sikupokewa. Kidonda kimeanza kukauka pembeni.

Aliomba nifunge kamba kwenye boriti juu ya kitanda. Nimeifunga asubuhi. Aliishika kwa mikono miwili, akajivuta, akatetemeka, akaachia. Akapumzika. Akajivuta tena. Mara ya tatu aligeuka ubavu, peke yake, akautazama mlango. Mize alikuwa akipepeta mchele uani. Aliinua macho, akaona, akaendelea kupepeta.

Faki aliuliza kama nitakula. Nikasema nitakula. Tukangoja wali.